Mama Suzana wa Kipili na Blogu ya Ng'ombe

Nyie walimu vijana mnaonitembelea hapa Milanzi na vishikwambi vyenu kwapani, huwa mnaniuliza swali lilelile: madam, ulianzaje kufundisha uandishi kwa blogu wakati chuo kizima kilikuwa na kompyuta saba zinazowaka? Nami huwajibu kwamba nilianza vizuri tu, nikaharibu katikati kwa uongo. Mnacheka, mnadhani natania. Leo nimeamua kuyaandika yote, kwa sababu nimestaafu na hakuna tena mwenye mamlaka ya kuniandikia barua ya kujieleza.

Nilikuwa nafundisha Stadi za Mawasiliano kwenye chuo cha mifugo hapa Sumbawanga. Kijana anakuja kujifunza kuchanja ng'ombe na kukagua nyama, mara anakutana na mimi na insha. Hawakunipenda, na siwalaumu. Lakini somo langu lilikuwa la lazima. Ukilifeli unarudia, ukifeli tena unarudia, ukifeli mara ya tatu umedisko: unafungasha godoro lako unarudi kwenu, na ng'ombe wako utamchanja kwa macho.

Kusahihisha nilifundishwa na mzee mmoja, Mwalimu Januari, Mungu amrehemu. Huyu hakuwa na mwongozo wa alama. Jioni alikuwa akikaa uani na rundo la insha, mkewe anapukuchua mahindi, naye anamsomea moja baada ya nyingine kwa sauti. Mama yule asipoacha kupukuchua, insha ilikuwa imefeli. Akiinua kichwa, mzee anaweka tiki. Akisema "Halafu?", hapo mwanafunzi kapata A. Mwaka mmoja mama alikwenda kwao kuuguza, na chuo kizima kilichelewa kupata matokeo. Nilimcheka sana yule mzee nikiwa mgeni kazini. Nilikuwa mjinga mwenye cheti.

Basi nikaenda semina Mbeya, nikarudi na neno blogu. Mkufunzi alituambia kwamba mwanafunzi akijua anasomwa na watu wa kweli, ataandika kama mtu wa kweli. Nikalishika hilo kwa mikono miwili. Nikawapanga wanafunzi, kila mmoja na blogu yake, kila wiki posti moja, na wasomaji waweke maoni. Nikawapa na sheria ambayo hadi leo nawasisitizia nyie: andika kwanza kwenye daftari. Umeme wetu hauna adabu, na posti iliyopotea ikiandikwa mara ya pili inatoka imenuna.

Posti ya kwanza kupata wasomaji ilikuwa ya binti mmoja wa hukuhuku Ufipa, Edita, kuhusu kuvuna ulezi. Ilipata maoni sitini na moja. Nikafurahi, nikaenda kuyasoma huku nimevaa miwani ya kusomea Biblia. La kwanza lilisema, "Shikamoo dada mwandishi." Edita kajibu, "Marahaba, hamjambo huko?" Huko hawajambo. Shangazi yake wa Mbeya akaulizia bibi. Bibi alikuwa salama, ila kifua. Jirani wa zamani aliyeko Dar akaulizia mvua. Mwingine aliandika "Hodi" peke yake, akasubiri siku mbili mpaka akajibiwa "Karibu," ndipo akaingia na salamu zake. Mwishoni watu wanne waliaga kwa zamu. Ulezi haukutajwa na mtu hata mmoja.

Darasani niliwaka. Nikasema haya si maoni, haya ni mapokezi ya mgeni. Edita akainuka taratibu, akapiga makofi mawili ya heshima kama alivyofunzwa kwao, akasema:

"Samahani madam. Mtu umeingia kwenye maandishi ya mtu, husalimii? Si watauliza umelelewa wapi?"

Nilirudi ofisini nikaandika kanuni: kila mwanafunzi, ili afaulu, lazima posti zake ziulizwe maswali na msomaji wa nje ya chuo, maswali yanayohusu kilichoandikwa. Salamu ruksa, ila hazihesabiki. Nikaipeleka kwa mkuu wa chuo.

Hapa lazima mmfahamu mkuu wetu, Mzee Kristofa. Alikuwa mtu mwema ambaye hakuamini kitu chochote kisicho na muhuri. Nadhani hata sahani ya ugali aliigeuza kwanza aone muhuri chini yake. Nilipomweleza blogu ni nini, alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Sawa mwalimu. Lakini zitapitia hapa." Kwa hiyo kila posti ilichapwa kwenye karatasi, ikaletwa kwake, ikagongwa muhuri, ndipo ikaruhusiwa kwenda mtandaoni. Maoni nayo yalichapwa, yakagongwa IMEPOKELEWA, yakaingia kwenye faili. Faili lenyewe lilikuwa na neno SIRI kwa wino mwekundu, ingawa kila kilichokuwemo dunia nzima ilikuwa inakisoma. Kanuni yangu nayo ikagongwa. Niliondoka pale nikijiona mtu wa maana.

Sasa, kwenye darasa hilo alikuwemo kijana anaitwa Maduhu. Wazazi wake ni Wasukuma waliohama na ng'ombe zamani, wakateremkia bonde la Ziwa Rukwa, na yeye alikuwa wa kwanza katika ukoo wao kufika chuo. Kwenye mifugo alikuwa hodari kuliko hata baadhi ya wakufunzi. Aliweza kumtazama ndama toka getini akakwambia anaumwa nini. Lakini mpe kalamu, umemmaliza. Alikuwa ameshafeli somo langu mara mbili. Mama yake alimpigia simu kila Jumapili, na hakuulizia masomo. Aliuliza, "Bado upo?" Hilo nililisikia kwa masikio yangu siku moja nje ya bwalo, na liliniuma.

Posti yake ya kwanza hii hapa, nzima: "Ng'ombe ni mnyama anayefugwa. Kwetu tunafuga. Asante."

Ya pili ilikuwa fupi zaidi.

Nikamwita. "Maduhu baba, mbona hivi? Ukisimama na wenzako unaongea ng'ombe kutwa nzima."

"Wale wananisikiliza, madam."

"Na hapa?"

Akaitazama ile kompyuta. "Hapa naongea na nani?"

Wenzake walikuwa na shangazi Mbeya na kaka Dodoma. Ndugu za Maduhu walikuwa nyuma ya mifugo bondeni, simu zao za tochi, na mtandao walikuwa wanausikia tu. Wiki ya sita ikafika, hakuna hata mtu mmoja aliyemuuliza chochote. Kwa kanuni yangu mwenyewe alikuwa na sifuri. Nikaenda kwa Mzee Kristofa kuomba tuilegeze. Alinionesha karatasi.

"Mwalimu, hii imeshagongwa."

"Lakini niliiandika mimi, mkuu."

"Uliandika wewe. Aliyegonga ni ofisi."

Jumamosi hiyo mchana, nimekaa sebuleni kwangu na chai, nikafanya ambalo sijawahi kumruhusu mwanafunzi kulifanya. Nikafungua akaunti. Jina: Mama Suzana wa Kipili. Picha: samaki. Kipili, kule Ziwa Tanganyika, niliichagua kwa sababu niliwahi kwenda mara moja kwenye harusi, nikala samaki wale wa migebuka hadi nikaona haya, na kwa sababu nilitaka msomaji wa ziwani asiyejua ng'ombe hata kidogo. Nikaandika: "Salaam mwanangu. Sisi huku ni watu wa samaki. Naomba kuuliza, huyo ng'ombe mnayemfuga, akigoma kwenda mnamfanyaje? Samaki akigoma sisi tunamwacha."

Jumatatu Maduhu alinifuata mbio hadi mlangoni pa ofisi. Hakubisha hodi.

"Madam! Nimepata mtu!"

"Mtu gani?"

"Mama mmoja wa Kipili. Hajui ng'ombe!" Alilisema hilo kwa furaha ambayo sijui niieleze vipi. "Hajui kabisa, madam. Itabidi nimweleze kila kitu."

Aliandika kurasa nne. Kipande kimoja nilikinakili kwenye daftari langu na bado ninacho. "Mama Suzana, ng'ombe hasukumwi. Ukimsukuma anajua unaogopa. Alikuwepo mmoja mweusi aligoma kuvuka daraja. Baba alikaa chini mbele yake akaanza kula muhogo, na sisi tukakaa. Hakuna aliyemwangalia. Ilipofika alasiri yule ng'ombe akaona aibu, akavuka mwenyewe." Nilikuwa nimefundisha insha zaidi ya miaka ishirini, na nilipomaliza kusoma pale nilisema kwa sauti, peke yangu ofisini, "Halafu?"

Basi nikanogewa. Kila wiki Mama Suzana akauliza. Ng'ombe analala saa ngapi? Anajuaje jina lake? Wakigombana nani anawapatanisha? Maduhu akawa anaandika, anafuta, anaandika tena, wino hadi kwenye shavu. Wala sikumsahihisha kwa kalamu nyekundu. Mama Suzana alikuwa anasema tu, "Hapo kwenye josho la kuogeshea ng'ombe sijakuelewa, mwanangu, nimesoma mara mbili," na yeye anarudi kupanga upya aya nzima bila kununa. Ningemwambia neno hilohilo kwa jina langu, mwalimu Gaudensia, angeandika "Asante" akaacha.

Tatizo la kijana aliyelelewa vizuri ni kwamba naye anauliza. Mama Suzana, mume wako anaitwa nani? Damiani. Watoto wangapi? Wanne. Ziwa limechafuka? Limetulia. Ilibidi nifungue daftari la Mama Suzana ili nisijikanyage, na bado nikajikanyaga. Wiki moja niliandika "wanangu watatu". Maduhu hakusema nimekosea. Alichapisha posti nzima ya rambirambi kwa kifo cha mtoto wa nne, maneno mazito, na darasa zima wakaweka pole zao. Mzee Kristofa akazigonga zote, kisha akanisimamisha koridoni kuniuliza kama chuo kipeleke ubani. Nikakesha na mawazo kwa ajili ya mtoto ambaye hakuwahi kuzaliwa. Kesho yake Mama Suzana akaeleza kwamba yule wa nne yuko Mpanda kwa mama yake mdogo, mzima wa afya, ni yeye tu aliyesahau kumhesabu. Edita akaandika chini yake, "Mama gani anasahau mtoto?" Swali hilo lilihusu kilichoandikwa. Sikuweza kulikataa.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa kutoka Sumbawanga hadi Kipili, kwa basi.

Ilikuwa hivi. Siku za kuelekea mitihani nilikuwa na marundo ya kusahihisha, na Mama Suzana akakaa kimya siku tisa. Maduhu akawa anaingia maktaba kila saa, anatoka kichwa chini. Nikamhurumia. Nikaandika haraka bila kufikiri: "Samahani mwanangu, mguu ulinishika, nilikuwa sitembei." Nikajiona nimemaliza.

Jumatano asubuhi napishana na Mzee Kristofa koridoni, ananiambia, "Yule kijana wako ana utu. Nimempa ruhusa ya siku mbili."

"Kijana gani?"

"Maduhu. Kaenda kuona mgonjwa Kipili. Nilimuuliza mgonjwa ni nani wake, akasema ni msomaji wake. Nikaona ni sababu ya msingi. Nimegonga."

Maduhu alikuwa amebeba chupa ya samli ya ng'ombe, iliyoletwa toka kwao bondeni, ya kumchua mama mguu. Na Ijumaa saa tatu asubuhi mtahini wa nje alikuwa anakuja, kila mwanafunzi asimame mbele yake aitetee blogu yake. Asiyekuwepo kafeli. Kwa Maduhu hiyo ilikuwa mara ya tatu.

Nilichukua bodaboda hadi stendi, koti mkononi, na mwenye boda alinisikia nikijisemesha njia nzima. Basi lilikuwa limeshaondoka. Simu yake haipatikani. Nilisimama pale katikati ya magunia ya mahindi nikamwona Maduhu akilini, anashuka Kipili na chupa yake ya samli, anauliza nyumba kwa nyumba mtu ambaye hayupo, watu wanamtazama. Sijawahi kujichukia namna ile. Ningefukuzwa kazi nikiwa nimebakiza miaka miwili nistaafu, hilo nilistahili. Ila yeye alikuwa ameanza kuamini kwamba kuna mtu upande wa pili wa maandishi, na mimi ndiye niliyekuwa naenda kumthibitishia kwamba hakuna.

Nikarudi moja kwa moja kwa Mzee Kristofa, nikafunga mlango, nikaungama. Kila kitu. Samaki, Damiani, mtoto wa Mpanda. Alisikiliza. Akavuta faili la SIRI, akalipekua karatasi kwa karatasi, huku analamba kidole.

"Mwalimu Gaudensia. Hapa tuna maoni kumi na saba ya Mama Suzana."

"Ndiyo mkuu. Ni mimi."

"Yote yamegongwa IMEPOKELEWA."

"Ndiyo."

"Sasa ofisi inapokeaje maoni ya mtu ambaye hayupo?" Alilifunga faili. "Tumepokea. Kwa hiyo yupo. Nenda kapumzike, unaonekana umechoka."

Ijumaa mtahini alifika, bwana mmoja mkimya mwenye sweta mbili, baridi yetu ilikuwa imempata. Wanafunzi wakaingia mmoja mmoja. Edita alitetea ulezi wake vizuri sana, ingawa alimsalimia mtahini dakika nne. Saa sita ikapita. Saa nane ikapita. Jina la Maduhu lilikuwa la mwisho, na mtahini alishaanza kufunga mkoba wake, ndipo mlango ukafunguliwa. Aliingia mwekundu kwa vumbi, kifurushi cha gazeti mkononi kinanuka migebuka ya moshi chumba kizima.

Sikungoja. Nilisimama nikasema, "Mtahini, kabla hajaanza. Huyu kijana hana kosa. Msomaji wake wa Kipili hayupo. Nilikuwa naandika mimi."

Maduhu alinitazama. Hakuonesha kushangaa, na hilo nililikumbuka baadaye.

"Samahani madam," akasema kwa upole, "si wewe. Nimetoka kwake leo asubuhi."

"Maduhu, mimi ndiye."

"Hapana madam. Kanipa samaki."

Mtahini akatazama samaki, akanitazama mimi, akamtazama mkuu. Mzee Kristofa alishasimama, faili kifuani. "Msomaji yupo kwa mujibu wa kumbukumbu," akasema, "kuna mihuri kumi na saba. Mwalimu wetu amefanya kazi nyingi, likizo yake iko njiani." Kisha akanionesha kiti. Nikakaa. Nimeona watu wakikataliwa uongo, ila kukataliwa ukweli, tena kwa huruma, hiyo niliionja mimi.

Mtahini akamuuliza swali moja tu: huyo msomaji amekukosoa nini? Maduhu akatoa daftari lililokunjamana.

"Alisema ng'ombe nimewaeleza, ila mto sijauandika. Wao ni watu wa maji. Nilikuwa namsomea yeye na majirani zake pale mwaloni, mitumbwi ya samaki inapofikia, walikaa kama ishirini, na nilipofika kwenye daraja wote wakauliza: huo mto una kina gani? Unaenda kasi? Sikuwahi kuutazama, bwana. Nilikuwa namtazama ng'ombe. Nimeuandika upya ndani ya basi."

Akasoma. Mtahini alikuwa amevua sweta moja kabla hajamaliza. Maduhu alifaulu, na mama yake Jumapili ile alijibiwa kwamba yupo, na ataendelea kuwepo.

Mngependa niishie hapo. Lakini Jumatatu niliingia kwenye blogu yake nikakuta maoni mapya. Mwandishi: Mama Suzana wa Kipili. Sikuyaandika mimi. Hakukuwa na picha ya samaki. Yalisema hivi:

"Salaam mwalimu. Anaandika mjukuu wangu, mimi nasema. Kijana wako alifika huku na samli anaulizia Mama Suzana mke wa Damiani. Huku kina mama Suzana wako wawili na hakuna mwenye Damiani. Mimi sina hata huyo Suzana, wanangu ni wa kiume wote. Lakini mtu ametoka Sumbawanga na samli mkononi, utamwambia rudi? Mgeni njoo mwenyeji apone. Nikasema ndiyo mimi, nikatoa mguu, akauchua. Mguu wangu hauumi. Baadaye akanisomea, roho ikanisuta, nikamwambia: mwanangu, mimi hata kusoma sijui, sijawahi kukuandikia. Akasema basi ni madam, maana ni madam peke yake anayeandika alama zote za mkato. Sasa mwalimu, jina hili nimelichukua, nimelizoea. Maswali yangu nitauliza mwenyewe. Wewe ukitaka kuuliza, uliza kwa jina lako."

Nililia, kisha nikacheka, kisha nikaona haya. Kwa hiyo alikuwa anajua. Alisimama pale mbele ya mtahini akanitetea kwa uongo mwingine, mdogo kuliko wangu na wenye samaki ndani yake.

Nilikaa mbele ya kompyuta ile karibu saa nzima. Vijana wangu, katika kazi yangu yote nilikuwa nimewauliza wanafunzi maelfu ya maswali, na majibu yote nilikuwa nayo mfukoni. Maswali ya Mama Suzana yalikuwa mazuri kwa sababu yeye hakuyajua majibu. Mimi Gaudensia nilikuwa sijui nini? Nikagundua kwamba kulikuwa na jambo moja nisilolijua na nililiogopa. Nikafungua akaunti kwa jina langu kamili, nikaandika: "Maduhu, ulinikasirikia?"

Alijibu baada ya siku tatu. Neno la kwanza lilikuwa "Ndiyo." La pili lilikuwa "Kidogo." Kisha akaandika kurasa sita kunieleza hiyo kidogo ilikuwa kiasi gani, toka aliposhuka kwenye basi hadi alipopanda tena, na hakuna mahali aliponionea. Mzee Kristofa aliileta posti hiyo mwenyewe ofisini, imeshagongwa, akaiweka mezani, akatoka.

Sikusahihisha hata nukta.